Majani Manane ya Saa Nane

Hombolo, Ijumaa, 31 Januari 2025
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa mashariki, mvua hakuna.

Mwanangu Aneth,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi hatujambo. Baba yako alikuja Jumapili. Kifua kimepona, ila anaendelea kukohoa akitaka kuhurumiwa, kaka yangu huyo hajabadilika. Luka amewekwa zamu ya mchana huko Mtumba, kwa hiyo siku hizi mwanangu analala usiku kama binadamu wengine. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike.

Ulisema nipige simu. Simu yangu inashika mtandao nikisimama kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, na pale kila mtu anasikia. Afadhali karatasi iende na mtungi wa kugandishia majani kila Masudi anapopita na gari la mradi.

Kibanda cha nailoni kimesimama vizuri. Jirani yangu Generosa hajaacha kucheka. Jana alipita akasema, "Loisi, mtama wako unalala ndani na mbuzi wako wanalala nje!" Nikamwambia hata mvua ikinyesha, mtama huu haupaswi kuipata, ndiyo kazi yenyewe. Akasema wasomi wamekosa la kufanya. Na ule mtungi wa baridi unafanana na ule wa bwana mifugo wa mbegu za ng'ombe, basi wengine wanauliza kama nimeanza kupandisha ng'ombe.

Mstari wa maji naupatia ndoo mbili kila jioni. Mstari wa kiu haujaonja maji tangu tarehe 12. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nane kamili mchana, nakata majani manne: M1 na M2 kwenye maji, K1 na K2 kwenye kiu. Leo yametimia ishirini na manne. Fomu nimejaza zote, saa ya kukata na muda wa kufika mtungini, sekunde ishirini kama ulivyonifundisha.

Ila hujaniambia mnatafuta nini ndani ya jani. Niambie kwa Kiswahili cha mtu wa kidato cha nne.

Mzee Obedi wa ng'ambo ya bwawa anakusalimu.

Shangazi yako,
Loisi


Morogoro, 12 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, huku mvua inanyesha mpaka tunaichoka, nikikumbuka huko naona aibu kusema hivyo. Mpe baba pole ya kikohozi chake cha huruma. Hao mapacha usiwape majina mpaka nije.

Swali lako nililipenda. Nimejaribu kulijibu mara tatu, hii ni ya nne.

Ndani ya kila seli ya jani mna protini nyingi ambazo zimekaa tu, zinasubiri kuambiwa. Kiu ikianza, kimeng'enya fulani huchukua kipande kidogo cha fosfati na kukibandika juu ya protini. Ni alama tu, wala protini yenyewe haijabadilishwa na nyingine. Lakini iliyobandikwa inaamka, nayo inakwenda kubandika ya pili, ya pili inabandika ya tatu, mpaka habari inafika kwenye vitundu vya jani, navyo vinafungwa ili maji yasitoke. Yote hayo ni suala la dakika. Na kuna vimeng'enya vingine ambavyo kazi yao ni kuzibandua alama hizo, ili jani likipata maji lirudi kama lilivyokuwa.

Mtama mwekundu wa bibi unabaki wima wakati mtama wa dukani umeshalala. Tunataka kujua kama unabandika alama mapema kuliko mwingine. Tukijua hilo, tunaweza kuchagua mbegu kwa kupima jani, bila kusubiri njaa ituonyeshe.

Ndiyo maana tunagandisha kwa haraka. Jani ulilolikata linaendelea kuishi mkononi mwako, Shangazi. Linajua limekatwa. Linaanza kubandika alama za jeraha, kisha za kukauka. Sisi tunataka kusoma lilivyokuwa kabla ya mkasi. Sekunde ishirini si ukali wa Dk. Ritha, ni jani lenyewe linadai.

Msimamizi wangu huyo aliziona fomu zako akauliza kama umewahi kuwa mwalimu. Nikamwambia hapana, ni mtu aliyemaliza kidato cha nne na hakuacha kuandika.

Wako,
Aneth


Hombolo, Ijumaa, 28 Februari 2025
Asubuhi: jua kali tangu saa moja. Siku ya kumi na tisa bila mvua.

Mwanangu Aneth,

Hatujambo, ila mahindi ya watu yamekunjamana. Zabibu zinaendelea kwa wale wenye mashine za kuvuta maji. Baba yako anauliza kama unakula. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula.

Maelezo yako nimeyasoma mara nyingi. Tangu nimeyasoma siangalii jani kama zamani. Mstari wa kiu umeanza kukunja majani mchana, lakini ikifika jioni unayafungua tena. Mtama wa Generosa umeshalala.

Nina swali, si la haraka. Tuseme mtu amekata jani, akachelewa kidogo. Tuseme dakika chache. Jani hilo linakuwa limeharibika kabisa, au linakuwa tu limechoka? Nauliza kwa sababu ya kutaka kujua.

Masudi ameshakunywa chai yake na sasa anaangalia saa.

Shangazi yako,
Loisi


Morogoro, 11 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakula, mwambie baba, tena nimeongezeka. Wiki iliyopita niliumwa tumbo siku mbili lakini limepita.

Kuhusu swali lako: linakuwa jani jingine. Halijaoza wala halijabadilika rangi, ukiliangalia kwa macho ni lile lile. Lakini habari iliyomo si ya shambani tena, ni habari ya mkononi.

Nami nina langu la kukuuliza. Tumepima mpaka majani ya tarehe 28 Februari. Mstari wa kiu unakwenda vizuri ajabu, alama zinapanda hatua kwa hatua. Tatizo ni mstari wa maji. M2 iko kimya kama inavyotakiwa. M1, ya mstari ule ule, siku ile ile, inalia kiu. Si siku zote. Ni Jumanne zote tangu tarehe 28 Januari, na Ijumaa mbili, ya tarehe 14 na ya 28 Februari.

Dk. Ritha anauliza kama kuna siku maji hayakutosha, au kama lebo zilichanganyika. Nimemwambia nitakuuliza. Hakuna ubaya, Shangazi. Nieleze tu ilivyokuwa.

Wako,
Aneth


Hombolo, Ijumaa, 14 Machi 2025
Asubuhi: mawingu mazito. Mvua ya kwanza jana jioni, nusu saa.

Mwanangu Aneth,

Pole na tumbo. Sisi wazima.

Leo nimekata majani ya mwisho. Masudi anauchukua mtungi. Jumla ni majani sabini na mawili, siku kumi na nane, hakuna siku niliyoruka.

Mstari wa maji ulipata maji kila jioni, ndoo mbili. Hilo naweza kulisema mbele ya madhabahu. Lebo sikuchanganya hata moja. Fomu zimejazwa kama zilivyojazwa.

Baba yako anakusalimu.

Loisi


Morogoro, 26 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imeendelea, na kwamba baba amemaliza kupalilia.

Barua yako ilikuwa fupi. Nimeisoma na kuisoma tena. Umeniapia maji, umeniapia lebo, lakini muda hukuniapia.

Nilikuwa nakuficha jambo, sasa nalisema. Dk. Ritha anasema muda wako ni mzuri mno. Siku nne za kwanza uliandika sekunde kumi na nane, ishirini na tano, kumi na tisa, thelathini, kama mtu anayefanya kazi na mikono yake. Tangu tarehe 28 Januari ni ishirini, ishirini, ishirini, mpaka mwisho. Anasema hakuna mtu anayepata ishirini mara hamsini na sita. Alisema pia kwamba huenda ulikuwa unayakata yote kwa pamoja, unakwenda kuyafunga nyumbani umekaa. Nilimjibu vibaya mbele ya watu, ikabidi nirudi kuomba radhi.

Msimamo wake ni huu. Tusipojua muda halisi wa kila jani, yanaondoka yote sabini na mawili, hata yale mazuri ya mstari wa kiu, kwa sababu fomu ni moja. Nitapaswa kupanda tena Desemba. Ufadhili wangu unakwisha Septemba. Kwa hiyo sitapanda tena, nitarudi nyumbani bila shahada.

M1 zile zina alama ya jeraha, Shangazi. Nimeziona mwenyewe. Zilikaa mkononi mwa mtu.

Nililala chumbani kwako tangu darasa la kwanza hadi la saba. Kila usiku uliandika daftari lako, hata siku ya msiba wa mama, uliandika saa. Sijawahi kulifungua. Kwenye fomu uliandika ishirini. Kwenye daftari uliandika nini?

Kama kuna maneno ambayo ni yako, ninakilie dakika tu, mengine uyaache. Ila Dk. Ritha atataka kuuona ukurasa wenyewe, siwezi kukudanganya.

Mwanao,
Aneth


Morogoro, 9 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Masudi alirudi mikono mitupu. Anasema ulimpa chai na karanga, ukamuuliza habari za watoto wake, na barua hukumpa.

Leo siulizi habari za majani. Nauliza habari zako. Unaumwa? Nimekukosea? Nikikosa shahada nitalia wiki moja kisha nitatafuta kazi. Nikikukosa wewe sijui nitafanya nini.

Aneth


Hombolo, Ijumaa, 11 Aprili 2025
Asubuhi: mvua nyepesi kuanzia alfajiri hadi saa mbili, kisha jua.

Mwanangu Aneth,

Siumwi, wala hujanikosea. Nilikuwa nimeshaandika barua ndefu, Masudi akaniletea hiyo yako fupi. Nimeichana ile ndefu kwa sababu ilikuwa inajitetea. Naandika hii upya huku yeye anakula.

Kwenye bahasha kubwa mna daftari langu, zima. Sijawahi kuchana ukurasa wa daftari tangu mwaka 1989 na sitaanza leo. Lakini najua kwanza utasoma barua, kwa hiyo nakunakilia hapa baadhi, ujue unakwenda kukutana na nini.

*Jumanne 28/1. Asubuhi jua na upepo. Saa 8:00 nimekata M1. Obedi amepita anatoka mnadani, amesimama. Amenisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Ameuliza mtama, mbuzi, Luka, usingizi. M1 mtungini saa 8:04. Kwenye fomu nimeandika sekunde 20.*

*Jumanne 4/2. Mawingu. Saa 8:00 M1. Obedi kutoka mnadani. Ameuliza kama mtama huu una homa, mbona nauwekea barafu. Nimecheka. Mtungini saa 8:07. Fomu: 20.*

*Ijumaa 14/2. Jua. Saa 8:00 M1. Obedi. Nimemwambia leo hakuna mnada, unatoka wapi? Amesema, "Natoka nyumbani, nakuja hapa." Mtungini 8:11. Fomu: 20.*

*Jumanne 18/2. Jua. Jioni ya tarehe 14 nilisoma barua ya Aneth, kwamba jani linaendelea kuishi mkononi. Leo nimeshika M1 dakika tisa nikiijua habari hiyo. Fomu: 20. Sikupata usingizi hadi saa saba.*

*Ijumaa 28/2. Jua kali. Obedi amesema tangu mkewe afariki, mwaka wa sita huu, hajaweza kupika ugali wa mtu mmoja. Ukiwa mdogo unaungua, ukiwa wa kutosha unabaki, na kuku wake wamenenepa. Amevua kofia akisema hayo. M1 dakika kumi na nne. Fomu: 20.*

Yapo manane ya namna hiyo. Mengine utayakuta, na dakika zote nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Majani yasiyo na Obedi nayo yana muda wake humo, sekunde kwa sekunde. Yale ni ya kweli.

Utaniuliza kwa nini sikulitia jani mtungini kwanza ndipo nisalimiane. Nami nimejiuliza. Mtu amesimama mbele yako anakuuliza habari za nyumbani, utamgeuziaje mgongo uinamie mtungi? Na huo mtungi ukiufungua unafuka moshi mweupe, unazibwa kwa kishindo, nikaona nitakuwa kama ninamfukuza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwezi mzima. Ya pili nimeikubali juzi tu. Ili kufungua mtungi lazima nivae glovu zile nene na miwani ile ya maabara inayofunika nusu ya uso. Nilikuwa navivua nikimwona anakuja, kwa mbali. Sikutaka anione navyo. Mjane wa miaka hamsini na saba.

Tarehe 7 Machi nilimwambia asije tena saa nane. Hakuuliza kwa nini. Siku hiyo M1 iliingia kwa sekunde kumi na saba, na mchana wote ulikuwa mrefu.

Kilichonizuia kukujibu si aibu ya Obedi peke yake. Ni kwamba Dk. Ritha angesoma, halafu maneno yangeingia kwenye kitabu chako, halafu siku moja Luka angekutana na habari za mama yake kwenye maktaba. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilimwita. Alikuja mbio.

"Mama, nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Kuna daftari. Soma palipo na alama nyekundu."

Akasoma amesimama. Akafika tarehe 14, akakaa.

"Ijumaa hakuna mnada," akasema.

"Hakuna."

"Na ulijua hakuna."

"Si nimeandika hapo kwamba nilimwambia?"

Akasoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Huyu mzee hana shamba la kulima?" Akanywa chai yake yote, akaniaga, akaondoka. Hakukasirika wala hakucheka. Mpaka leo hajapiga simu, nami nimekipanda kile kichuguu mara mbili.

Dk. Ritha alikuwa sahihi kutoniamini. Mwambie hivyo. Mwambie pia kwamba sikuyafungia nyumbani nimekaa, hilo lilinichoma.

Mwanangu, ulikuwa unakaribia kukosa shahada, nami nilikuwa nalinda mazungumzo ya njiani. Nisamehe.

Loisi


Morogoro, 23 Aprili 2025

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na heri ya Pasaka iliyopita. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa miezi miwili hii.

Nilijaribu kusoma mistari myekundu tu. Nilishindwa tarehe 4 Februari, kwenye mtama wenye homa. Nisamehe nawe.

Nilimpelekea Dk. Ritha daftari. Alisoma ameweka kidole kwenye kila mstari, analinganisha na vipimo. Alipofika tarehe 28 Februari akavua miwani, akaniuliza, "Huyu mzee bado anapita?" Nikamwambia amekatazwa. Akasema, "Maskini." Kisha akarudi kwenye kazi kama si yeye.

Hali iko hivi. Majani sitini na manne yamekubaliwa, kwa sababu daftari lina muda wake. Yale manane hatukuyatupa. Tuliyapanga kwa dakika: nne, sita, saba, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne. Shangazi, ungeyaona! Dakika ya nne alama ya jeraha imeshawaka. Dakika ya tisa iko juu kabisa. Dakika ya kumi inaanza kushuka, na alama ya kukauka ndiyo inashika nafasi. Ni kama hatua za mguu, moja baada ya nyingine. Dk. Ritha anasema iwe sehemu fupi ya tasnifu, iwaonye wanaokusanya majani shambani. Na mtama wa bibi, kwa yale sitini na manne, unabandika alama za kiu siku mbili kabla ya ule wa dukani tulioupanda huku. Nitatetea kazi yangu Agosti.

Nimeandika sentensi ya kueleza. Nimeiweka kwa upole: "Majani manane yalichelewa kugandishwa kutokana na mazingira ya kazi shambani." Jina lako halimo, wala la Mzee Obedi. Dk. Ritha ameikubali. Hakuna atakayejua.

Luka amepiga?

Mwanao anayekupenda sana,
Aneth


Hombolo, Alhamisi, 8 Mei 2025
Asubuhi: baridi, umande mwingi, hakuna wingu.

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Sote wazima. Tumeanza kuvuna. Mstari wa kiu umetoa masuke madogo lakini umetoa, na baba yako ameshika moja akalitazama muda mrefu bila kukohoa. Mapacha wa mbuzi wamekua bila majina, wanakusubiri.

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Agosti nitakuja Morogoro, usinikataze.

Sasa hiyo sentensi. Umeiandika kwa mapenzi, nami nimeielewa hivyo. Lakini ibadilishe. Mazingira hayakuchelewesha jani lolote. Njia ilikuwa wazi, mtungi ulikuwa hatua mbili, saa ilikuwa mkononi. Mimi ndiye niliyelishika. Na mazingira hayakuandika "ishirini" mara hamsini na sita. Mtu atakayeisoma sentensi yako atakwenda kurekebisha mazingira, atanunua mtungi mkubwa zaidi, na mkusanyaji wake ataendelea kuandika anachotaka. Andika hivi: "Mkusanyaji, Loisi, alichelewesha majani manane kwa kusalimiana na mpita njia, na akaandika kwenye fomu muda usio wa kweli. Muda wa kweli umetoka kwenye daftari lake." Wewe ongeza maneno ya kisomi, ila haya usiyapunguze.

Pamoja na barua hii kuna nakala zangu za fomu. Sikufuta. Nimepiga mstari mmoja juu ya kila ishirini, pembeni nimeandika muda wa daftari niliounakili kabla ya kulituma, tarehe ya leo na sahihi yangu. Mara hamsini na sita. Mkono umechoka, roho imepumzika.

Obedi nilikwenda kumwambia mwenyewe, kwake, ng'ambo ya bwawa. Nilimkuta anachambua karanga.

"Wameniandika vibaya huko?" akauliza.

"Wamekuandika dakika."

"Ngapi?"

"Zote pamoja sabini na tatu."

Akahesabu kidogo kwa midomo. "Ni chache," akasema. "Na jina langu?"

"Umeandikwa mpita njia."

"Mimi sikuwa napita, Loisi."

Nikachambua naye konzi moja ya karanga, nikaaga. Nilirudi nyumbani. Lakini nakujibu wewe: najua hakuwa anapita, nilijua tangu Jumanne ya kwanza. Kwenye sentensi weka "mgeni wake" badala ya "mpita njia". Iwe sahihi yote.

Luka hakupiga simu. Alikuja jana, hakuaga kazini wala nini, akaingia akanikuta nafunga magunia. Akafunga mawili. Kwenye la tatu akasema Mzee Obedi aje Jumapili hii baada ya ibada, aje na mtu wa kumsemea, na baba yako awepo. "Na aingie kwa mlango wa mbele," akasema. "Njia ya shambani asipite tena." Nikamwuliza kama amekasirika. Akasema amekasirika kidogo kwamba alikuwa wa mwisho kujua, baada ya mtama. Kisha akafunga la nne.

Daftari unirudishie na Masudi. Nimekuwa naandika kwenye karatasi za fomu zilizobaki, na hazinitoshi.

Shangazi yako,
Loisi

Ijumaa asubuhi, kabla Masudi hajafika: Barua niliimaliza jana saa tatu na dakika ishirini usiku. Nikaoga, nikafunga mlango. Nilipata usingizi saa nne kasoro robo.